Paneli ya Xfce inarudi ilivyokuwa kila nikiwasha kompyuta

Swali: Natumia Linux yenye eneokazi la Xfce. Nilipakua mpangilio wa paneli (ule upau wa ikoni na saa ukingoni mwa skrini) uliotengenezwa na mtu mwingine, nikafuata maelezo yake: futa folda ya zamani, nakili mpya, amri zote zikianza na sudo, yaani zikiendeshwa kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu. Paneli ilikuja nzuri. Ila nikihamisha saa au nikiongeza ikoni inakubali, halafu nikizima na kuwasha, kila kitu kinarudi kama yule bwana alivyokipanga. Rafiki mmoja ananiambia nitumie chmod 777 (amri ya kumruhusu kila mtu kusoma, kuandika na kuendesha faili), mwingine anasema nisakinishe mfumo upya. Nimsikilize yupi? Na saa nitaisukumaje ikae mwisho kabisa upande wa kulia?

Jibu: Usimsikilize hata mmoja. Fungua terminali uandike hivi, bila sudo:

`ls -ld ~/.config/xfce4`

Tazama jina la mwenye folda. Kwa jinsi ulivyoeleza, utakuta limeandikwa root, yaani mtumiaji mkuu, mahali palipotakiwa kuwa na jina lako. Ugonjwa wako wote ndio huo. Ulifuta folda iliyokuwa yako, ukaamuru mtumiaji mkuu alete nyingine ndani ya nyumba yako (folda yako binafsi, ile ya alama ~), naye akaileta kwa jina lake.

Kinachokuchanganya ni kwamba mabadiliko yanakubali kwanza. Xfce ina programu inayofanya kazi chinichini, xfconfd, ambayo ndiyo mtunza mipangilio. Ukiburuta saa, xfconfd inapokea badiliko, inalishika kwenye kumbukumbu na kuiarifu paneli, kwa hiyo unaliona papo hapo. Baada ya hapo inatakiwa kuliandika kwenye faili la xfce4-panel.xml, lililo ndani ya `~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml`. Inafanya kazi kwa jina lako, folda si yako, inakataliwa. Kusoma inaruhusiwa, kuandika hairuhusiwi. Wala haikupigii kelele. Ukizima, kumbukumbu inafutika. Ukiwasha, linasomwa faili lilelile la yule bwana.

Dawa ni mstari mmoja, na hapa ndipo sudo inapostahili, kwa sababu unarudisha mali iliyo mikononi mwa mtumiaji mkuu:

`sudo chown -R "$USER": ~/.config/xfce4`

Toka kwenye akaunti, ingia tena, ndipo upange unavyotaka. Kama uliendesha amri nyingine za namna hiyo, `find ~ ! -user "$USER"` itakuonyesha kila faili ndani ya nyumba yako lisilo mali yako.

Saa ni jambo dogo. Ongeza kitenganishi kwenye paneli, kiweke kabla ya saa, fungua mipangilio yake na uweke alama kwenye chaguo la kujitanua. Kitakula nafasi yote iliyobaki na kuisukuma saa mpaka ukingoni. Unaweza pia kukifanya kisionekane.

Sasa nije kwenye kinachonichosha. Maswali ya paneli ninayoletewa yana chanzo kilekile: watu wanadhani paneli ni kiungo cha mfumo, na kwamba ili kuigusa lazima uwe mkubwa wa mfumo. Si kweli. xfce4-panel ni programu kama kikokotoo, inaendeshwa kwa jina lako na kusoma mipangilio iliyo kwenye nyumba yako. Watu wawili wakitumia kompyuta moja kwa akaunti mbili, mmoja anaweza kuwa na paneli juu na mwingine kushoto, wala hawakutani. Maeneokazi mengine ni vivyo hivyo: KDE Plasma huweka mpangilio wa paneli ndani ya `~/.config`. Cinnamon na GNOME huweka kwenye hifadhi ya dconf, ambayo nayo iko hapohapo. Kwa hiyo maelezo yoyote ya kupanga paneli yako yanayoanza na sudo, ukiondoa ile ya kusakinisha kifurushi, yameandikwa na mtu asiyejua anachokifanya. Sudo haiifanyi amri iwe sahihi zaidi. Inaipa tu ruhusa ya kuharibu mahali ambapo isingefika.

Huyo aliyekwambia usakinishe mfumo upya ndiye hasa simwelewi. Xfce ina mpangilio wake wa msingi chini ya `/etc/xdg`, na paneli ikikosa faili lako inaanza na huo. Ukitaka kuanza upya kabisa, zima paneli kwa `xfce4-panel --quit`, zima mtunza mipangilio kwa `pkill xfconfd`, badilisha majina ya folda ya `~/.config/xfce4/panel` na lile faili la xfce4-panel.xml, kisha andika `xfce4-panel &`. Nimesema ubadilishe majina, sikusema ufute. Na usiruke hatua ya pkill: xfconfd ikiwa hai, inaweza kuandika upya kilichomo kwenye kumbukumbu yake juu ya kazi yako. Wanaohariri faili hilo kwa mkono huku wamo ndani ya eneokazi hulalamika kwamba Xfce inawadharau, kumbe sababu ni hiyohiyo.

Chmod 777 ni hatari zaidi kwa sababu inafanya kazi. Ungeiendesha, paneli ingehifadhi mabadiliko, ungemshukuru rafiki yako, naye angeendelea kuwagawia wengine dawa hiyo. Ni kung'oa milango yote ya nyumba kwa sababu umepoteza ufunguo wa chumba kimoja. Ukiifungua `~/.config` kwa kila mtu, mwenye akaunti nyingine kwenye kompyuta hiyo anayeweza kuifikia anaweza kuweka faili kwenye folda ya autostart, nalo likaendeshwa kwa jina lako unapoingia. Aliyeipiga chmod 777 nyumba nzima atakuta SSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali, inakataa ufunguo wake wa siri kwa sababu uko wazi mno. Na wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanaendesha chown au chmod kuanzia kwenye mzizi wa diski. Hao sudo yenyewe huwakataa, maana lazima iwe mali ya mtumiaji mkuu na iwe na ruhusa yake maalumu. Hapo ndipo usakinishaji upya unapokuwa wa lazima kweli, na aliyetoa ushauri hayupo tena.

Kuna jambo jingine hukuliuliza, ila kwa kupakua mpangilio wa mtu umelileta wewe mwenyewe mlangoni. Watu huchukua mipangilio hii kama picha za ukutani. Sivyo. Kila ikoni ya kuzindulia programu ina faili lake ndani ya folda ya launcher, na ndani ya faili kuna mstari wa Exec, yaani amri itakayoendeshwa ukibofya. Ikoni inaweza kuwa na sura ya kivinjari huku amri yake ikiwa kitu kingine kabisa. Vipo pia vipengele kama genmon, ambacho kazi yake ni kuendesha amri tena na tena baada ya muda uliopangwa na kuonyesha matokeo kwenye paneli, bila wewe kubofya chochote. Ni kifaa kizuri, nakitumia. Lakini amri iliyomo niliiandika mimi.

Ukitaka mpangilio unaoweza kuuhamisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine, tumia xfce4-panel-profiles. Inahifadhi paneli yako yote kwenye faili moja na kuirudisha, bila sudo. Hifadhi nakala ya paneli yako mara utakapomaliza kuipanga.

Kabla ya hapo, kwa kuwa mali ya yule bwana bado iko kwako, endesha hii:

`grep -r '^Exec' ~/.config/xfce4/panel`

Soma mistari yote. Ukikuta njia inayoanza na /home/ ikifuatiwa na jina lisilo lako, ikoni hiyo haikuwahi kukusudiwa kompyuta yako, iondoe. Ukikuta curl au wget (programu za kupakua kutoka mtandaoni) inayopeleka matokeo moja kwa moja kwa sh (inayoyaendesha kama amri), usiibofye hata kwa kujaribu. Tena usitengeneze kimojakimoja: achana na mpangilio wote, anza upya kama nilivyoeleza juu. Kitenganishi na saa havitakuchukua dakika tano.