Jibu: Bogenvilia majani tele, maua hakuna

Dada, umeuliza kwa nini bogenvilia yako ya hapo Shela imefunika tao la boriti lakini haichanui, na kama uing'oe upande asumini. Usiing'oe. Umesema unaimwagilia kila jioni, na kosa ni hilo: ikishiba maji na samadi hutoa majani na miba tu. Mwagilia mara moja kwa wiki, maji yazame chini, kisha uache mchanga ukauke. Maua hutoka kwenye matawi machanga, kwa hiyo kila ikimaliza kuchanua punguza theluthi moja ya tawi. Haina mikono ya kujishikia. Ifunge kwa kamba ya katani, fundo lilegee, la sivyo kamba itakaba shina likinenepa.

Asumini ipande nguzo ya pili, penye ukuta wa kuikinga na upepo wa kusi, maana chumvi ya bahari inayoletwa na upepo huo huunguza majani yake. Shimo sentimita 50 kila upande. Mchanga debe 4, samadi iliyooza debe 2. Hiyo ndiyo ya kumwagiliwa kila siku wakati wa kaskazi.

Halafu tikisa hizo boriti. Kama zimechimbiwa ardhini bila zege, angalia mchwa kwanza.