Anaimba tebo, kugawanya kunamliza

Dada uliyeuliza kuhusu mwanao anayelia akiambiwa agawanye, pole. Mtoto wa darasa la tatu anayeimba tebo ya 6 bila kukosea, kisha analia akiulizwa 24 gawanya kwa 6, amekariri wimbo tu. Wangu alikuwa hivyo hivyo.

Weka daftari kando kwa wiki mbili. Okota vizibo vya soda 24, mwambie avipange kwa mistari iliyo sawa, kwa kila njia anayoweza. Atapata 4 kwa 6, 3 kwa 8, 2 kwa 12. Kisha ficha kimoja kimyakimya. Vile 23 vitamgomea, na hapo namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe) inaeleweka bila hotuba. (Wangu alilalamika kwamba nimemwibia. Kweli nilimwibia.)

Kama kuna bao nyumbani, bora zaidi: mashimo 32, kete 64. Kabla hajasambaza, muulize, "Ukianzia hapa na kete 5, ya mwisho itaangukia wapi?" Usimsahihishe, kete zitamjibu.

Dakika 15 kwa siku zinatosha, na usimshindanishe na kaka yake. Vizibo viwe mbali na mdogo anayetia vitu mdomoni. Ikipita miezi na bado anachanganya 6 na 9, mpeleke akapimwe macho kwanza, kisha kaa na mwalimu wake.