Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: 1961 au 1970?

Umeuliza UDSM, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilianza lini na inasifika kwa nini. Miaka yote miwili ni sahihi, inategemea unahesabu nini. Oktoba 1961 kilifunguliwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kitivo kimoja tu, sheria, wanafunzi hawakufika hata 20, ndani ya jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Mlimani, kampasi kuu ya leo, walihamia 1964. Tarehe 1 Julai 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho Dar ilikuwa imeshakuwa sehemu yake, kilipogawanywa (Makerere, Nairobi, Dar), ndipo kikawa chuo kikuu kamili. Ukiandika 1970 peke yake unafuta miaka tisa ya kazi.

Nguvu yake kubwa, kwangu, ni Kiswahili. Herufi TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) kwenye jalada la Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981) ni taasisi yake, iliyotokana na kamati ya lugha ya 1930. Tangu 2009 iko ndani ya TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili). Sheria na uhandisi pia. Ila ukiona udaktari kwenye historia hiyo usidhani bado uko Mlimani: chuo chake cha udaktari cha Muhimbili kilijitegemea 2007, kama kitivo chake cha kilimo cha Morogoro kilivyogeuka Chuo Kikuu cha Sokoine 1984.