Tembo wamekula mahindi: namna ya kudai kifuta jasho

Swali: Nina ekari tatu za mahindi karibu na Idodi, Iringa Vijijini. Tembo wameingia usiku wakabakiza vipande tu. Mwaka 2019 jirani yangu alipoteza ekari mbili akalipwa shilingi 50,000. Nifanye nini nisipunjwe?

Jibu: Pole sana, ndugu. Kifuta jasho ni pesa ya pole ambayo serikali humlipa mtu aliyeharibiwa mazao na wanyamapori. Kwanza usifyeke, na usiruhusu ng'ombe waingie kula mabua yaliyolala. Mtathmini akikuta kwato juu ya nyayo za tembo, dai lako limeingia shaka, na upande wa Idodi na Pawaga mifugo ni mingi. Piga picha mchana ukionyesha nyayo za mviringo, kinyesi chenye nyuzinyuzi, mashina yaliyong'olewa, na angalau picha moja yenye shamba zima.

Siku hiyohiyo toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, kwa maandishi, ubaki na nakala yenye mhuri na tarehe. Yeye humwita Afisa Wanyamapori wa Wilaya, ambaye hukagua na kujaza fomu. Uwepo shambani wakati wa ukaguzi. Hapo ndipo wengi hupunjwa, kwa sababu kinachoandikwa ni eneo lililoharibiwa, na tembo hula kwa mabaka. Kila baka lipimwe, kisha yajumlishwe. Ekari ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo baka la mita 40 kwa 25 ni kama robo ekari. Ukikubali kukadiriwa kwa macho, mabaka madogo manne yanayofika ekari nzima yanaweza kuandikwa nusu. Soma fomu kabla ya kusaini.

Sasa kuhusu jirani yako. Kanuni za mwaka 2011, zilizotungwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, ziliweka malipo kwa ngazi, kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi: 25,000 kwa ekari kwa walio karibu, hadi 100,000 kwa walio zaidi ya kilomita 5. Shamba lililokuwa ndani ya mita 500 halikulipwa kabisa, na hakuna aliyelipwa zaidi ya ekari 5. Ekari mbili za ngazi ya chini ndizo hizo 50,000, kwa hiyo hakuna aliyemkata. Viwango vimerekebishwa baadaye. Omba kuonyeshwa jedwali linalotumika sasa. Hata hivyo, usitarajie bei ya mahindi. Kifuta jasho si fidia, na 25,000 haifiki hata mfuko mmoja wa mbolea wa kilo 50. Kwa mkulima aliyekopa pembejeo hilo linauma, na ni haki yake kulisema kwenye mkutano wa kijiji.

Kwa sababu umbali ndio unaoamua kiwango, hakikisha alama za GPS zimechukuliwa katikati ya shamba lako, si barabarani alipoegesha gari.

Fomu hupitia halmashauri hadi Wizara ya Maliasili na Utalii, na malipo huweza kuchukua miezi mingi. Jina kwenye fomu, kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki liwe lilelile, herufi kwa herufi. Kama shamba ni la kukodi, ambatanisha barua ya kijiji inayothibitisha kuwa mazao ni yako. Ukifuatilia halmashauri, usiulize tu kama pesa imefika. Uliza fomu yako iliondoka tarehe gani na kwa barua yenye kumbukumbu namba ngapi.