Vaultwarden kwenye Cloud Run: data ikae wapi?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuiweka Vaultwarden (seva ya kutunza nywila unayoiendesha mwenyewe, inayotumika na programu za Bitwarden) kwenye Cloud Run, huduma ya Google inayowasha programu pale tu inapohitajika, ili usilipie seva inayokesha bure. Inawezekana, ila kasheshe iko kwenye hifadhidata. Vaultwarden isipoelekezwa vingine huandika kwenye SQLite, faili moja tu ndani ya folda ya data. Cloud Run nayo, kontena (kifurushi ambamo programu inaendeshwa) likizimwa, kilichoandikwa ndani kinakwenda nalo. Jioni unaingiza nywila kumi na mbili, asubuhi ukiamka akaunti yenyewe haipo!

Usishawishike kuunganisha ndoo ya Cloud Storage, hifadhi ya mafaili ya Google, ijifanye folda. Pale faili haliwezi kuwekewa kufuli (lock) ili aandike mmoja tu kwa wakati, na makontena mawili yakiandika kwa pamoja umekwisha. Chukua PostgreSQL, hifadhidata inayojitegemea, iliyo nje, anwani yake uiweke kwenye mpangilio wa Vaultwarden uitwao DATABASE_URL. Faili la rsa_key.pem, lenye ufunguo ambao Vaultwarden hutilia saini vibali vya kuingia, nalo lihifadhi mahali pa kudumu, la sivyo kila kontena jipya likiwaka utalazimika kuingia upya. Inaudhi kweli.

Ukishajisajili, mpangilio wa SIGNUPS_ALLOWED uwe false, wengine wasijisajili. Bekapu hazina mjadala. Programu ya Bitwarden kwenye simu hubaki na nakala iliyosimbwa, kwa hiyo seva ikilala bado utazisoma nywila zako.