Ndugu wa tumbo moja, na figo zisizolingana

*Shikamoo Mama. Sisi ni watoto sita, baba mmoja, mama mmoja. Kitinda mimba wetu figo zote mbili zimekufa, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tulikwenda kupimwa wanne ili mmoja amtolee figo. Dada ninayefuatana naye akaambiwa amelingana naye kabisa. Mimi na mdogo wetu mwingine tumelingana nusu. Kaka yetu wa tatu akaambiwa halingani naye hata kidogo. Tangu majibu yatoke, ukoo mzima unanong'ona na mama hali chakula. Je, ndugu halisi wanaweza kutofautiana hivyo? Na ni daktari gani wa figo aliyegundua vipimo hivi? Kifungua Mimba, Korogwe.*

Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie mama ale. Majibu hayo hayamshtaki kwa lolote.

Kwenye karatasi mliyopewa utaona herufi HLA. Hizo ni jeni za kinga ya mwili, na zimesongamana mahali pamoja kwenye kromosomu ya 6, kiasi kwamba karibu mara zote mtoto huzirithi kwa fungu zima. Baba ana mafungu mawili, tuyaite 1 na 2. Mama anayo mawili, 3 na 4. Kila mtoto hupata moja kutoka kwa kila mzazi. Kitinda mimba akiwa amepata 1 na 3, dada yako naye kapata 1 na 3. Wewe huenda una 1 na 4, mdogo wako 2 na 3. Kaka yenu kapata 2 na 4, yaani yale mawili ambayo kitinda mimba hakupewa. Na angalia: kaka huyohuyo analingana na wewe nusu.

Kwa ndugu wa baba na mama mmoja, uwezekano wa kulingana kabisa ni robo, wa nusu ni nusu, wa kutolingana kabisa ni robo. Nyinyi wanne mmetoka mmoja, wawili, mmoja. Mwalimu akitaka mfano wa kuandika ubaoni hatapata mzuri kuliko familia yenu. Wanaonong'ona waambie hivyo, wakibisha waache wabishe.

Sasa huyo mgunduzi. Hakuwa daktari wa figo wala wa kitu kingine chochote. Alikuwa mtaalamu wa jenetiki, na maisha yake yalikuwa kuzalisha panya.

Anaitwa George Snell, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1903 jimbo la Massachusetts. Alisomea jenetiki ya panya Harvard kwa William Castle, akamaliza 1930, kisha akaenda Texas kwa Hermann Muller, aliyekuwa amethibitisha kwamba miale ya eksirei hubadilisha jeni za nzi. Snell akaonyesha kwamba miale hiyo huvunja na kuhamisha vipande vya kromosomu za panya pia. Hapo angeweza kukaa. Utafiti wa miale ulikuwa na sifa, na Muller mwenyewe alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1946. Lakini mwaka 1935 Snell alihamia mji mdogo wa pwani, Bar Harbor katika jimbo la Maine, kwenye Maabara ya Jackson, na huko akabaki hadi mwisho wa maisha yake.

Maabara hiyo ilianzishwa mwaka 1929 na Clarence Cook Little, na utajiri wake ulikuwa koo za panya waliozalishwa ndugu kwa ndugu vizazi vingi hadi wote wa ukoo mmoja wakawa karibu sawa kijeni. Ukichukua uvimbe wa saratani ukaupandikiza kwa panya wa ukoo uleule, unakua. Ukiupandikiza kwa wa ukoo mwingine, mwili wake unaukataa. Little alishajua kwamba jeni kadhaa ndizo zinazoamua, ila hakuna aliyejua ni zipi. Miaka ya 1940, akiwa amefika umri wa miaka arobaini hivi, Snell aliamua kuzitafuta moja moja.

Njia yake ndiyo inayonifanya nimheshimu, mimi niliyestaafu maabara ya damu na kuwaona vijana wengi wakitaka jibu kabla ya chai ya saa nne. Alipandisha panya wa ukoo mmoja na wa mwingine, akapima watoto kwa kuwapandikizia uvimbe, akachagua walioukataa, akawarudisha kupandana na ukoo wa kwanza, akapima tena, kizazi baada ya kizazi. Mwishoni akawa na koo mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kipande kimoja kidogo cha kromosomu. Panya hubeba mimba wiki tatu tu, lakini hata hivyo kazi kama hiyo inakula miaka.

Msaada ulitoka kwenye mkia. Kulikuwa na panya wenye mkia uliopinda kwa sababu ya jeni fulani, na Snell akaona mkia huo na kukataa uvimbe hurithiwa pamoja; maana yake jeni hizo mbili ni majirani. Mwaka 1946 akafika Peter Gorer kutoka London, ambaye tangu miaka ya 1930 alikuwa akichunguza kingamwili za damu ya panya, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kitu kigeni. Walipounganisha kazi zao wakakuta wanazungumzia mahali palepale, wakapaita H-2, na matokeo yakachapishwa mwaka 1948. Katikati ya hayo, Oktoba 1947, moto mkubwa uliikumba Bar Harbor, maabara ikateketea pamoja na panya wengi. Maabara nyingine zilizokuwa zimepewa panya wa koo hizo zamani zikawarudishia panya wa kuanzia uzao upya. Sijui kama leo tungepeana vitu kwa moyo huo.

Kwa binadamu, mahali panapolingana na H-2 ya panya ndipo zilipo hizo HLA zenu, na aliyefungua mlango ni Mfaransa Jean Dausset, mwaka 1958. Aliangalia damu ya watu walioongezewa damu mara nyingi, akakuta wametengeneza kingamwili zinazoshambulia chembe nyeupe za watu wengine. Hapo mwanangu sikiliza vizuri: kama kitinda mimba amewahi kuongezewa damu, mwambieni daktari, maana naye anaweza kuwa na kingamwili hizo. Kabla ya upasuaji lazima damu yake ijaribiwe dhidi ya chembe za dada yenu, hata kama karatasi inasema wamelingana kabisa. Makundi ya damu nayo yapatane. Na kama dada atasita au atakutwa na tatizo lake mwenyewe, nyinyi wa nusu bado mnaweza kufikiriwa, kwani dawa za kutuliza kinga zimesaidia sana. Hata kaka msimfute kabla daktari hajasema.

Snell na Dausset walipewa Nobel mwaka 1980 pamoja na Baruj Benacerraf. Snell alikuwa na miaka 76. Gorer alikuwa ameshafariki tangu 1961, na tuzo hiyo haipewi marehemu. Mimi naona jina lake linasahaulika isivyo haki.

*Mama, niko kidato cha sita, nasoma PCB. Upandikizaji wa figo umeanza juzi tu. Sasa jeni hizi Mungu aliziweka za nini? Msomaji, Morogoro.*

Swali zuri, na Snell aliwaachia wengine walijibu. Mwaka 1974, huko Canberra, Rolf Zinkernagel na Peter Doherty walionyesha kwamba seli T, ambazo ni chembe nyeupe za kinga, haziui seli yenye kirusi mpaka zikione kirusi hicho kimeshikwa na molekuli za jeni hizi, na ziwe molekuli za mwili uleule. Kazi ya molekuli hizo ni kuonyesha walinzi kilichoingia ndani. Walipata Nobel mwaka 1996, miezi michache baada ya Snell kufariki Bar Harbor.

Aina za jeni hizi ni nyingi mno kwa sababu maradhi nayo ni mengi. Utafiti wa watoto wa Gambia uliochapishwa mwaka 1991 na Adrian Hill na wenzake ulikuta kwamba wenye aina iitwayo HLA-B53, ambayo Afrika Magharibi ni ya kawaida na Ulaya ni adimu, walipata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ukienda chuo, omba kusoma hayo mapema, na takwimu usizikimbie.

Aliyeuliza kuhusu upungufu wa damu kwa mjamzito, barua yako nimeipata. Toleo lijalo.