Sabuni ya kunyolea: nilichojifunza kwenye shingo ya shemeji

Jumamosi iliyopita shemeji yangu alikaa tena kwenye kiti changu, baada ya miaka minne na ushee ya kunyolewa kwa jirani. Hakusema kitu. Alijifunga shuka mwenyewe, akaegemeza kichwa, akafumba macho. Mimi nyuma yake nilikuwa naloweka burashi huku mkono unacheza.

Wanaonisoma muda mrefu wanajua saluni yangu iko Area D hapa Dodoma, na kwamba mimi siyo wa kupitisha mashine kisha kummwagia mtu spiriti. Nanyoa kwa burashi, povu na kiwembe kipya kwa kila mteja. Habari ya harusi ya shemeji sijawahi kuiandika. Ila wiki hiyohiyo kijana mmoja wa Manyoni alinitumia ujumbe: "Kaka, nataka kufungua saluni ya kisasa. Ninunue zile sabuni za zamani za Ulaya au hizi za mafundi wanaotengeneza kwa mkono? Ipi inanukia zaidi?" Hilo swali la mwisho ndilo lililonigusa pabaya. Na mimi nilianzia hapohapo.

Nilianza kazi 2017, ofisi za serikali zikihamia huku. Watu wa suti waliongezeka ghafla, na kila Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, foleni ilifika mlangoni. Ndevu nilikuwa nanyolea povu la sabuni ya kuogea. Lile linafura haraka, lina mapovu makubwa mazuri kwa macho, na kabla hujamaliza shavu la pili limeshakauka. Kiwembe kinabaki kinakwaruza ngozi kavu.

Mteja mmoja akarudi safari ya Uturuki na kijiti cha Arko. Ukikiona unaweza kudhani ni gundi ya shule. Unakisugua kwenye ndevu zilizolowa, kisha unafuata na burashi. Harufu yake ni limau kali ya kizamani, mpaka mzee mmoja akaniuliza kama ndiyo kwanza nimepiga deki. Lakini povu lake lilinikalisha chini. Zito kama mtindi wa mgando, linabaki usoni, na ukipitisha wembe unateleza. Siri yake siyo uchawi: ni shahamu ya wanyama na asidi ya steariki, ile ya mafuta iliyo ngumu kama nta, zilizopikwa zaidi kwa potashi kuliko kostiki, zile kemikali kali zinazogeuza mafuta kuwa sabuni. Kostiki inatoa mche mgumu wa kufulia. Potashi inatoa sabuni laini inayoyeyuka upesi majini, na steariki ndiyo inayoshikilia povu lisianguke.

Nikapata na Proraso ya kijani, ya familia ya Martelli wa Florence, Italia, watu walio kwenye biashara tangu 1908. Hiyo ni mkaratusi na mentholi. Mteja akitoka kwenye jua la Oktoba la Dodoma ukampaka hiyo, anaguna kabisa. Povu lake kwangu ni jepesi kidogo kuliko la Arko, na upepo wetu mkavu ukiingia dirishani inabidi uongeze maji kila baada ya dakika mbili. Harufu zote mbili zina tabia moja: zinakuja, zinafanya kazi, zinaondoka. Dakika kumi baadaye mteja ananukia aftashevu yake tu.

Hapo ningetosheka. Sikutosheka.

Kuna mteja wangu alisoma Marekani. Akaniletea vikopo viwili vya mafundi wa huko, wale wanaopika kilo chache kwa mkupuo, wanaongeza siagi ya shea na lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo. Kimoja kilinukia tumbaku na kiatu kipya cha ngozi. Jamani! Nilikuwa nafungua kifuniko hata kama hakuna wa kumnyoa. Mteja akimaliza, ngozi yake haibani, iko kama amepakwa mafuta. Watu wakaanza kuuliza, "Leo kuna ile ya tumbaku?" Kichwa kikavimba. Nikajisemea, kama fundi wa Marekani anaweza, Mgogo wa Kongwa atashindwaje?

Shahamu niliifuata machinjio ya Kizota, nikaiyeyusha na kuichuja mara tatu mpaka ikawa nyeupe bila harufu ya nyama. Nikaweka mafuta ya nazi kidogo, na steariki karibu nusu ya mafuta yote. Jaribio la kwanza lilitoka zuri mno, niseme ukweli, na ningeishia hapo leo ningekuwa naandika habari nyingine. Lakini halikunukia kitu. Nami nilitaka mtu akipita barabarani ajue huyu katoka kwangu.

Kwenye jaribio la pili nikamimina mafuta ya karafuu mililita 30 kwenye kilo moja. Uji ukashikana ghafla kwenye sufuria, mwiko ukasimama wima. Karafuu hufanya hivyo, inaharakisha sabuni kuganda. Ile ilikuwa ishara. Mimi nikaona ni baraka, nikaishindilia kwenye vikopo kwa kijiko.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, alikuwa anaoa Jumamosi. Ijumaa jioni nikamwambia njoo, zawadi yangu ni kukunyoa kwa sabuni ambayo hata Dar hawana. Saluni nzima ilinukia kama sebule ya Unguja siku ya Idi. Aliposema "inachoma choma, shem," nikamjibu ndiyo inafanya kazi. Nikarudia povu mara ya pili, kinyume cha nywele, ili atoke laini.

Saa nne usiku mama mkwe akapiga simu. Hakunisalimia. "Baba Neema, mwanangu ulimpaka pilipili?"

Picha ya harusi ipo sebuleni kwao Nkuhungu mpaka leo, juu ya televisheni. Shingo imepakwa poda kama ukuta uliopigwa chokaa, na bwana harusi ameshika ukosi wa shati kwa kidole kimoja ili usimguse. Kila Krismasi nakaa chini ya picha ile nakula wali. Mafuta ya karafuu yanaunguza ngozi yakizidi, na kwenye sabuni ya kunyolea kuzidi hakuko mbali: kijiko kidogo kwenye kilo kilikuwa kinanitosha. Halafu ngozi iliyotoka kupitiwa na wembe kinga yake imepungua. Hayo mafundi wa kweli wanayapima kwa mizani. Mimi nilipima kwa pua.

Baada ya pale nilirudi kwenye majaribio kama mtu anayelipa deni, na nikagundua nilikuwa nalaumu sabuni kwa kosa la maji. Maji yetu ya visima vya Makutupora yana madini mengi. Angalia magamba meupe ndani ya birika lako. Madini yale yanaishika sabuni na kuigeuza utando, kabla povu halijasimama. Nilichukua Arko ileile, bakuli moja maji ya bomba, jingine maji ya mvua niliyokinga Januari. La mvua lilitoa povu mara mbili, kwa sabuni kiasi kilekile. Ndimu usijaribu. Nilikamulia kwenye bakuli nikidhani nalainisha maji, povu likakatika kama maziwa yaliyoharibika.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Manyoni, na wewe unayeota saluni yenye viti vya ngozi na taulo za moto: anza na maji. Chupa moja ya maji ya kunywa inanyoa wateja wengi. Kisha sabuni isiyo na makeke. Kisha rudi kwenye maji tena. Ya mafundi inunue ukishajua ya kawaida inavyofanya kazi, la sivyo utakuwa unanunua manukato yaliyovaa koti la sabuni. Mpake mteja mgeni kidogo nyuma ya sikio, usubiri. Na usimdanganye mtu kwamba sabuni inatibu vipele. Nywele zetu zinajikunja na kurudi ndani ya ngozi, hilo linatatuliwa na kunyoa kwa kufuata nywele, pasi moja, mkono mwepesi. Soma maandishi ya kopo pia. Wateja wangu Waislamu huuliza shahamu ni ya mnyama gani, na wana haki, na burashi nayo: nyingi ni nywele za nguruwe. Mimi nilihamia za nailoni, sijajuta.

Vijana tunapenda kunukia kabla ya kujua kazi. Nasema tunapenda, nami nimo.

Shemeji nilimnyoa kwa ile ya jaribio la kwanza, ya shahamu isiyonukia, na maji ya chupa. Niliisokota burashi mpaka povu likasimama, nikampaka kidogo nyuma ya sikio, nikangoja dakika tano nzima kimya. Akafumbua jicho moja.

"Hii nayo ina karafuu?"

"Haina kitu, shem."

Alipomaliza alijipapasa shingo kwenye kioo, upande huu na upande ule. Akatoa elfu tano, akaiweka mezani. Miaka yote kabla ya harusi sikuwahi kumtoza hata shilingi, naye anajua. Nikaichukua.